Kitabu cha Ndege Kimfikie Anayemjua Ndege



Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya vitabu vya ndege na wanyamapori. Ndani yake utakuta uhakiki wa vitabu vya zamani na vya sasa, mazungumzo na waongoza watalii, na makala kuhusu maktaba za shule. Kabla hujazifikia kurasa hizo, naomba nieleze kwa nini tumeona jambo hili lina uzito wa toleo zima. Msimamo wetu ni huu: vitabu vya ndege na wanyama wa Afrika Mashariki vimejengwa juu ya maarifa ya watu wanaoishi nao, na sasa ni zamu ya watu hao kuviandika, kuvisoma na kuvitumia kwa Kiswahili.

Hatusemi hivyo kwa kuvidharau vilivyopo. Tumeachiwa urithi mkubwa. Mwaka 1938 kilitoka kitabu cha Sir Frederick Jackson kuhusu ndege wa Kenya na Uganda, majuzuu matatu mazima, kikiwa kimekamilishwa na W. L. Sclater kwa sababu Jackson alifariki mwaka 1929. Hicho kilikuwa kitabu cha maktaba, si cha kubeba porini. Mwaka 1963 John G. Williams, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, alichapisha mwongozo unaoingia kwenye mkoba, na wapenda ndege wengi wa wakati ule walianzia hapo. Mwaka 1996 Dale Zimmerman, Donald Turner na David Pearson wakatoa kitabu chao cha ndege wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2002 Terry Stevenson na John Fanshawe wakazikusanya nchi tano, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, katika kitabu kimoja chenye spishi 1,388. Picha ziko ukurasa huu, maelezo na ramani ukurasa unaotazamana nao, ili msomaji asipoteze muda akipekua huku ndege yuko mbioni kuruka.

Kwa upande wa wanyama wanyonyeshao, Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora mwaka 1935 na mwalimu wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere, alitoa kati ya 1971 na 1982 mfululizo wa East African Mammals. Michoro ni ya mkono wake mwenyewe, kuanzia mifupa na misuli hadi mnyama akiwa katika mwendo wake wa kila siku. Ukiitazama, unajua mchoraji alikaa na wanyama hao muda mrefu.

Sote tuna deni kwa waandishi hawa. Lakini nyuma yao walikuwepo watu ambao majina yao hayamo kwenye majalada. Huko Amani, katika milima ya Usambara, Reginald Moreau alianza kazi mwaka 1928 na akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika. Aliyeingia naye msituni, aliyewatafuta ndege na kuwajua kwa sauti zao, alikuwa Salimu Asmani. Huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mtaalamu wa ndege Con Benson alifanya kazi kwa miaka mingi na Jali Makawa. Mwaka 1964, huko Mayau, kaskazini-magharibi mwa Zambia, alipatikana ndege mdogo aliyetofautiana na wenzake waliojulikana. Mwaka uliofuata Benson na Michael Irwin walimpa jina la kisayansi Pogoniulus makawai, kwa heshima ya Makawa. Ndege huyo mmoja amehifadhiwa Tring, Uingereza, na wataalamu bado wanajadili kama ni spishi kamili. Mwanahistoria Nancy Jacobs amewaandika Makawa, Asmani na wenzao katika Birders of Africa, kitabu cha mwaka 2016, na mtu akikisoma hawezi tena kuufungua mwongozo wa ndege akidhani ni kazi ya mtu mmoja.

Mambo haya hayakuishia enzi za ukoloni. Mwaka 1991, watafiti waliopiga kambi katika milima ya Udzungwa waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya kitoweo. Alikuwa kwale wa msituni, na sayansi ilimpa jina mwaka 1994. Wapishi hawakuhitaji kusubiri hadi 1994 kujua kwamba yupo. Miaka kumi na kitu baadaye, wanavijiji wa kando ya mlima Rungwe waliwasimulia watafiti habari za nyani wa msituni asiyeonekana kirahisi. Watafiti walifuata maneno hayo, wakamwona mnyama mwenyewe mwaka 2003, na mwaka 2005 akaingia kwenye maandishi ya kisayansi kwa jina alilopewa na Wanyakyusa: kipunji.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mlembe, ndege anayemwongoza mtu kwenye asali. Warina asali wa Kiborana, kaskazini mwa Kenya, walikuwa wakisema kwamba mlembe huwaonyesha nyuki wako upande gani, na kwamba kwa kutazama anavyoruka na mahali anapotua wanaweza pia kukadiria umbali. Wapo waliodhani hizo ni hadithi za wazee. Hussein Isack, mtafiti Mkenya, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, aliyapima maneno hayo porini, hatua kwa hatua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Science. Warina asali wasioongozwa walitumia wastani wa saa 8.9 kupata makao ya nyuki. Walioongozwa na mlembe walitumia saa 3.2. Mwelekeo wa ndege, muda anaotoweka kabla ya kurudi, kimo cha tawi anakotua kadiri nyuki wanavyokaribia: yote yalikuwa kama walivyosema wenyewe. Tunajifunza nini hapo? Kwamba maarifa ya mwenyeji yakipewa daftari na kipimo, yanasimama mbele ya dunia nzima. Na kwamba kazi hiyo ilifanyika vizuri kwa sababu mmoja wa waandishi aliijua lugha na watu wake.

Wengine watauliza: mwongozo wa ndege kwa Kiswahili utamfaa nani, ilhali watalii wanasoma Kiingereza? Tuwatazame tumbusi. Mwaka 2015 spishi nne za tumbusi wa Afrika ziliingizwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na sumu ni moja ya sababu kubwa. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe anaupaka mzoga dawa ya wadudu ili amwue simba; wanaokufa kwa wingi ni tumbusi. Majangili nao hutia sumu kwenye mizoga, kwa kuwa tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali tembo alipouawa. Anayefika kwanza kwenye tukio kama hilo ni askari wa wanyamapori au mgambo wa kijiji. Taarifa yake inategemea kama anaweza kumtofautisha ndege mmoja na mwingine.

Tofauti zenyewe si ngumu mtu akionyeshwa. Tumbusi mgongo-mweupe aliyekomaa ana mdomo mweusi, na ukimfunua mabawa unakuta weupe sehemu ya chini ya mgongo. Tumbusi wa Rüppell aliyekomaa ana mdomo wa rangi hafifu ya manjano, na manyoya yake meusi yana kingo nyeupe zinazomfanya aonekane kama ana magamba. Wa kwanza hujenga kiota juu ya mti, wa pili kwenye majabali. Wote wawili hutaga yai moja tu. Basi askari akiandika kwa usahihi ni nani waliokufa, wahifadhi watajua waende kukagua miti ya bondeni au majabali ya mbali, na watajua ni makinda wa wapi waliopoteza wazazi. Akiandika "ndege wakubwa ishirini", taarifa hiyo haimsaidii mtu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na tumbusi wetu wanaisha hivyo.

Maelezo niliyoyatoa hapa yameingia katika aya moja ya Kiswahili cha kawaida, bila kuhangaika kutafuta msamiati. Lugha inatosha. Kazi iliyopo ni ya mpangilio. Ni kweli majina yanatofautiana: pwani na bara hawamwiti ndege mmoja jina moja, dudumizi wa huku ni tipitipi wa kule, na jina chozi linawabeba ndege wengi wadogo wanyonyao maua. Hilo halipaswi kututisha. Mwongozo mzuri utaweka jina la kisayansi, utachagua jina moja la Kiswahili la kichwa cha habari, kisha utaorodhesha majina ya mahali mbalimbali pamoja na maeneo yanakotumika. Msomaji wa Lamu na wa Mbeya kila mmoja atamkuta ndege wake.

Kikwazo kikubwa zaidi ni bei. Kitabu cha rangi chenye mamia ya kurasa ni ghali kukichapa, na mwalimu wa shule ya msingi hawezi kukinunua kwa mshahara wake. Kwa hiyo tusianze na ndege wote wa nchi tano. Tuanze na vijitabu vya mahali: ndege wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ndege wa ziwa Natron, ndege wa bustani na mashamba ya Kilimanjaro. Spishi hamsini, picha safi, karatasi inayostahimili jasho na mvua. Klabu za wanyamapori za Kenya zilianzishwa mwaka 1968 na klabu za Malihai za Tanzania mwaka 1980. Vijana wako tayari wamekusanyika, wanangoja cha kusoma. Na wale wanaosema simu imechukua nafasi ya kitabu, tunawajibu kwamba maandishi ya Kiswahili yakishaandikwa vizuri yataingia kwenye karatasi na kwenye simu vilevile. La kwanza ni yaandikwe.

Tunawaomba wachapishaji, makumbusho, vyuo vya wanyamapori na mashirika ya hifadhi wayazingatie mambo matatu. Mosi, kila mwongozo mpya unaoandaliwa kuhusu eneo letu upangiwe toleo la Kiswahili tangu siku ya kwanza ya bajeti. Pili, waongoza watalii, warina asali, wavuvi na wakulima waliotoa maarifa watajwe kwa majina yao, na wanaoweza kuandika waandike kama waandishi. Tatu, rasimu ipelekwe porini ikajaribiwe na watakaoitumia kabla ya kupelekwa mtamboni.

Nasi tunaanza na sehemu yetu. Kuanzia toleo lijalo, kurasa nne za jarida hili zitakuwa za mwongozo wa ndege, eneo moja kila mara, zikiandikwa na mtu anayeishi hapo. Tuandikie. Mweleze ndege unayemjua: ukubwa wake, rangi ya mdomo na miguu, sauti yake, anachokula, mwezi anaoonekana, jina analoitwa kwenu na mahali unapomwona. Usiogope kwamba hujasomea. Tutayapeleka maelezo yako kwa wataalamu wayahakiki, na yakithibitishwa yatachapishwa chini ya jina lako.