Umeme: Ruzizi inaonyesha Kindu nini?

Kindu, watu wakizungumza juu ya umeme, wanataja mashini: mafuta ni bei kali, kila mwenye uwezo anatafuta paneli yake ya jua. Kuko swali lingine lenye haliulizwi sana. Hata mashini zikipatikana, nani ataziongoza?

Tuangalie Ruzizi. Maji yanatoka Ziwa Kivu, pale Bukavu, yanapita kwanza kwenye baraji la Ruzizi I, lenye kuendeshwa na SNEL. Kisha yanashuka Ruzizi II, ambayo tangu 1989 ni ya Kongo, Rwanda na Burundi kupitia SINELAC. Maji ni yale yale, wakubwa ni wawili. Wa juu akipunguza maji bila kusema, wa chini anakosa nguvu, na mtu wa mbali anabaki gizani bila kujua sababu.

Kwa mitandao ya namna hii, mainjinia wana njia yao: udhibiti wa kutabiri uliogawanywa. Kila kituo kina ordinateri yake. Inakadiria masaa yanayokuja: maji kiasi gani, watu watawasha wakati gani. Inapanga, inawaambia majirani mpango wake, inasikiliza wa kwao, inarekebisha. Kisha inafanya hatua ya kwanza tu, na kuanza hesabu upya. Ni sawa na waendesha mitumbwi wanaovuka Lualaba kwenda Alunguli: kila mmoja anaangalia mbele na pembeni, anapiga kasia, anaangalia tena. Hakuna anayengoja amri ya Kinshasa.

Hapa kwetu jambo hili si la mbali. Sheria ya umeme ya 2014 ilifungulia mlango watu binafsi, SNEL haiko tena peke yake. Tuseme kesho kampuni moja ina paneli, hospitali ina betri zake, mwingine ana jenereta. Wakiunganishwa bila kuambiana, jua likishuka wote watavuta kwa mara moja, na mtandao utaanguka. Wakipeana mipango, betri zinajazwa mchana na sehemu ya hospitali haiguswi.

Simu nayo inakatika, hiyo tunaijua. Kwa hiyo kila kituo kinahitaji akiba na mpango wa kufuata kikibaki peke yake. Na lazima ya kupeana hesabu iandikwe kwenye mkataba mbele ya paneli ya kwanza kufungwa. Nyuma ya pale, kila kampuni itaziita siri ya biashara.