Mabaki ya tumbaku: Tusiwaachie bakteria kazi yetu

Msimu wa tumbaku ukimalizika Chunya mkoani Mbeya, na katika vijiji vya Iringa vinavyolima zao hili, marobota huenda sokoni. Nyumbani hubaki mabua, majani yaliyokataliwa na vumbi ndani ya bani. Zao limeuzwa, sumu imebaki.

Jani kavu la tumbaku kwa kawaida huwa na nikotini asilimia 1 hadi 3 ya uzito wake. Kilo moja ya majani yaliyotupwa inaweza kubeba gramu 10 hadi 30, wakati mvutaji wa sigara moja huingiza mwilini miligramu 1 au 2 tu. Nikotini huyeyuka kwenye maji na hupenya kwenye ngozi. Mtoto halazimiki kula jani ili adhurike. Kubeba majani mabichi yenye umande au kucheza kwenye lundo lililolowa mvua kunaweza kumuugua.

Je, udongo hauwezi kuisafisha sumu hii? Unaweza. Wamo bakteria wanaoitumia nikotini kama chakula, wakiikata hatua kwa hatua kwa vimeng'enya vyao. Mmoja wao ni Pseudomonas putida, ambaye aina yake iitwayo S16 ilipatikana China kwenye udongo wa shamba la tumbaku. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walieleza kuwa kimeng'enya chake kinaweza siku moja kuwasaidia wanaotaka kuacha sigara. Hiyo bado ni kazi ya maabara, si dawa ya kununua dukani.

Tatizo ni kwamba bakteria hawa wanahitaji hewa, unyevu na muda. Lundo lililoshindiliwa nyuma ya jiko haliwapi nafasi hiyo; mvua ikinyesha, nikotini huoshwa kuelekea kisimani. Mabaki yawekwe mbali na nyumba na maji, yachanganywe na nyasi na samadi, yafunikwe na yageuzwe mara kwa mara. Mboji yake isipelekwe kwenye nyanya wala pilipili, maana virusi vya ugonjwa wa batobato wa tumbaku hudumu kwenye mabaki na hushambulia mazao hayo. Wakulima wa nyanya wa Ilula walizingatie hili.

Mzigo huu si wa mkulima peke yake. Kampuni zinazonunua tumbaku, vyama vya msingi na halmashauri zinajua mahali pa kupimia kila robota. Zitenge pia mahali pa kuozeshea mabaki. Taasisi ya utafiti wa tumbaku, TORITA, iliyoko Tabora, ingefaa kuwafundisha wakulima njia ya kuwatumia bakteria hawa kwa usalama. Tunapima ubora wa jani. Tupime na usalama wa ua la nyumba.

Kwako mzazi, usimtume mtoto kuvuna wala kupanga majani. Usimpake maji ya tumbaku kuua chawa au kutibu kidonda. Nguo za shambani zifuliwe peke yake.

Mtoto aliyeshika tumbaku akianza kutapika, kutokwa mate mengi, jasho na kizunguzungu, usidhani moja kwa moja kuwa ni malaria. Mvue nguo, muoshe kwa sabuni na maji mengi, na kama amekula, usimlazimishe kutapika. Mwahishe kituo cha afya, hasa akilegea, akipata degedege au akipumua kwa shida. Ukifika, mwambie mhudumu mapema kwamba amegusa au amekula tumbaku, na kama kulikuwa na dawa ya kuua wadudu, itaje pia, kwa sababu dalili zake hufanana lakini matibabu yanaweza kutofautiana.