Waandishi chipukizi wa tamthilia wanachaguliwa, wananolewa. Halafu nani ananunua kazi yao?

Kwa mwandishi wa tamthilia ambaye bado hajulikani, barua pepe yenye neno "hongera" inaweza kubadilisha mwaka mzima. Maana yake ameteuliwa kwenda kambini. Ataondoka kwenye kelele za kila siku, atapewa mshauri aliyebobea, na ataiandika upya hadithi yake mpaka iwe tayari kupelekwa kwa wenye televisheni.

Barani Afrika, moja ya nafasi zilizozungumzwa sana ilitangazwa mwaka 2021, pale Netflix iliposhirikiana na Realness Institute ya Afrika Kusini kuanzisha Episodic Lab. Mpango ulikuwa hivi: waandishi sita kutoka Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, miezi mitatu ya kuandika, na dola 2,000 za Marekani kila mwezi kwa kila mmoja ili asihangaike na kodi ya nyumba. Mwishoni, kila mwandishi angeinadi hadithi yake mbele ya Netflix.

Tangu wakati huo soko lenyewe limetikisika. Ndiyo maana swali si tena nani kachaguliwa. Swali ni nani amebaki sokoni akiwa na pesa mkononi.

Kambini kunafanyika nini hasa?

Wengi hudhani kambi ya uandishi ni mapumziko: mandhari nzuri, chakula kizuri, kalamu na daftari. Ukweli ni kwamba kazi yake ni kubomoa.

Mwandishi hufika na wazo analolipenda. Mshauri hamwandikii. Humuuliza maswali. Huyu dada anataka nini? Kwa nini anakitaka leo na si mwaka jana? Na akikipata kwenye sehemu ya tatu, sehemu saba zilizobaki zitaendeshwa na nini?

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu tamthilia si filamu ndefu iliyokatwa vipande. Filamu huuliza swali moja na kulijibu ndani ya saa mbili. Tamthilia inahitaji injini: familia, kazi, deni au siri itakayozaa ugomvi mpya kila wiki bila mtazamaji kuhisi anazungushwa.

Kwa kawaida mwandishi hutoka na vitu viwili. Cha kwanza ni skripti ya sehemu ya kwanza. Cha pili ni waraka unaoeleza wahusika, mahali wanapoishi, na hadithi itaelekea wapi msimu huu na unaofuata. Juu ya hapo hufundishwa kuinadi kwa mdomo, dakika chache tu, mbele ya watu waliokwisha kusikia hadithi nyingi siku hiyo.

Mfumo huu umetoka wapi?

Mfano unaotajwa zaidi uko Marekani. Robert Redford alianzisha Sundance Institute mwaka 1981, na kambi zake za filamu kwenye milima ya Utah zikawa shule ya vizazi vya waandishi. Mwaka 2014 taasisi hiyo ilifungua kambi maalumu ya tamthilia, baada ya kuona kwamba hadithi nyingi nzuri zilikuwa zinahamia kwenye televisheni na mitandao ya kutazamia.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na habari hizi. Mwongozaji Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala mwaka 2004, kwa ajili ya kuwanoa waandishi na waongozaji wa ukanda huu. Mwaka 2010 Sundance yenyewe ilileta kambi ya waandishi wa michezo ya jukwaani kwenye kisiwa cha Manda, Lamu. Realness nayo ilianza mwaka 2016 na waandishi wa filamu, ikiwapeleka Nirox, bustani ya sanamu nje ya Johannesburg, kabla ya kuingia kwenye tamthilia.

Kuna pia njia ya shule. Mwaka 2018, MultiChoice Talent Factory ilianzisha chuo Nairobi kilichopokea vijana wa Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia kwa mafunzo ya miezi 12. Tofauti ni kwamba chuo hukufundisha kazi nzima ya uzalishaji. Kambi hushughulika na hadithi yako moja.

Dola 2,000 zina uzito gani?

Uandishi wa tamthilia una tatizo moja la zamani: kazi kubwa hufanyika kabla ya malipo. Mtu anaweza kuandika miezi sita, akabadilisha skripti mara nane, halafu akaambiwa "tutakupigia."

Matokeo yake, wanaodumu ni wale wenye kipato kingine au familia inayoweza kuwabeba. Mwalimu anayeandika usiku kwenye simu baada ya kusahihisha madaftari, au mama anayeandika watoto wakilala, huchoka njiani. Na hadithi zao huchoka nao.

Posho ya miezi mitatu haimfanyi mtu tajiri. Inachofanya ni kununua muda. Kwa mwandishi asiye na mgongo wa kuegemea, muda ndio mtaji wenyewe.

Hata hivyo mlango huo una kizingiti. Mpango wa 2021 ulitaja nchi tatu. Mwandishi wa Dar es Salaam au Kampala, hata awe na hadithi kali namna gani, hakuwa kwenye orodha. Kambi za kampuni kubwa hufuata ramani ya soko la kampuni hizo, na kipaji kilicho nje ya ramani hiyo husubiri.

Milango inayofungwa

Miaka ya 2021 na 2022 ilikuwa ya matumaini. Showmax ilitoa *Crime and Justice*, tamthilia ya Kenya iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Canal+ ya Ufaransa. Julai 2022, *Country Queen* ikaingia Netflix ikiwa na sehemu sita, hadithi ya mwanamke wa Nairobi anayerudi kijijini na kukuta kampuni ya madini inataka ardhi ya watu wake. Wahusika walizungumza Kiswahili, Kiingereza na Kikamba, na dunia nzima ikasoma maandishi ya chini.

Wakati huohuo Netflix iliwapa Wakenya huduma ya bure kwenye simu za Android, kuanzia Septemba 2021. Ilionekana kama mtazamaji wa simu, yule anayehesabu bando, sasa anabembelezwa.

Kisha upepo ukageuka. Huduma hiyo ya bure ilifungwa Novemba 2023. Januari 2024, Amazon Prime Video ilisitisha kuagiza kazi mpya za asili barani Afrika. MultiChoice, mmiliki wa DStv, ilipoteza wateja milioni 2.8 katika miaka miwili ya fedha iliyoishia Machi 2025, na Septemba mwaka huo Canal+ ikakamilisha kuinunua.

Netflix haikuondoka. Mwaka 2023 ilisema imewekeza dola milioni 175 barani tangu 2016. Lakini kwa mwandishi anayenadi hadithi, hesabu ni rahisi: wanunuzi wanapokuwa watatu unaweza kuringa kidogo. Anapobaki mmoja, yeye ndiye anayepanga bei.

Kambi inafundisha watu kwa ajili ya soko. Soko likinywea na kambi zikaendelea, kinachozaliwa ni kizazi cha waandishi wenye vyeti, picha za pamoja na skripti nzuri zilizolala kwenye kompyuta.

Hadithi ni ya nani?

Hapa ndipo penye jambo ambalo mwandishi chipukizi hulisoma haraka kwa sababu ya furaha: mkataba.

Nchini Kenya, sheria ya hakimiliki ya 2001 inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mwandishi asipoandikiana mapema, anaweza kujikuta ni mgeni kwenye hadithi aliyoizaa. Msimu wa pili ukifanyika, wahusika wake wanaweza kuendelea kuishi bila yeye.

Waandishi wa Marekani walijifunza kwamba kulindana ni kazi ya pamoja. Mwaka 2023 chama chao, WGA, kiligoma siku 148. Walirudi kazini na kanuni za matumizi ya akili bandia, malipo ya ziada kwa kazi zinazofanya vizuri mtandaoni, na idadi ya chini ya waandishi wanaopaswa kuajiriwa kwenye tamthilia kulingana na wingi wa sehemu zake.

Hata hivyo, mkataba mzuri haukuwazalishia ajira. Msimu wa 2023 hadi 2024, kwa takwimu za chama chenyewe, nafasi za waandishi wa televisheni zilishuka kwa asilimia 42 ukilinganisha na msimu uliotangulia. Kama wenye chama chenye nguvu wanayumba hivyo, anayejadiliana peke yake Nairobi au Dar ana kila sababu ya kusoma kila mstari.

Mzigo wa lugha

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwenye matangazo. Maombi ya kambi nyingi za kimataifa huandikwa kwa Kiingereza, na ushauri hutolewa kwa Kiingereza, hata kama tamthilia yenyewe itazungumza Kiswahili.

Chukua tukio dogo. Kijana amemwambia mama yake kwamba anaoa, na hajali nani anapinga. Mama anatulia, anakunja kanga, anasema: "Nimekusikia, mwanangu." Mtazamaji wa Mombasa au Unguja anajua hapo vita imetangazwa. Kwenye tafsiri, mshauri anaona mama aliyekubali, na anaandika pembeni: tukio halina mgongano.

Mwandishi mwenye uzoefu atatetea mstari wake. Chipukizi, aliyefika kambini akijiona mwenye bahati, anaweza kuufuta na kuweka kelele na sahani zinazovunjika. Hivyo ndivyo tamthilia inavyoweza kunolewa mpaka ikapoteza makali yake.

Dawa yake si kukataa washauri wa nje. Ni kuweka mezani angalau mtu mmoja anayesikia lugha ya wahusika.

Cha kuangalia

Kambi zitaendelea kutangaza majina, na majina hayo yanastahili pongezi. Ila orodha inapotoka, kuna maswali matatu yanayopima uzito wake. Je, mwandishi analipwa kwa muda wake? Hadithi inabaki ya nani kambi ikiisha? Na nani, kwa jina, ameahidi kuisoma skripti ya mwisho?

Kwa Afrika Mashariki kuna la nne. Chaneli za hapa nyumbani zinarusha tamthilia za Kiswahili, na watazamaji wanazifuatilia sebuleni na kwenye simu. Chaneli hizo zikiamua kugharamia hata miezi michache ya maandalizi kabla ya kamera kuwashwa, mwandishi hatalazimika kusubiri ramani ya kampuni ya ng'ambo ifike kwao. Zisipofanya hivyo, barua ya "hongera" itabaki kuwa bahati ya watu sita kwa wakati.