Kutunza wazee ni ujuzi, si huruma tu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti letu hili ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni hali ya watu wanaofanya kazi ya kutunza wazee: mafunzo yao, vyeo vyao na nafasi zao za kujiendeleza.

Mimi ni mmoja wao. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi katika makazi ya wazee wasiojiweza. Wananchi wengi wanadhani kazi yetu ni kufagia, kukoroga uji na kufua mashuka, na kwamba yeyote mwenye huruma anaiweza. Hiyo si kweli hata kidogo. Huruma isiyo na ujuzi yaweza kuua.

Nitatoa mifano. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani lazima ageuzwe mara kwa mara, na kwa desturi ya wauguzi ni kila baada ya saa 2 hivi. Asipogeuzwa, nyama ya kiunoni na visigino hukosa damu, akapata vidonda vinavyochimba mpaka mfupani. Mlezi asiyefundishwa humwacha mzee huyo apumzike, akidhani anamtendea wema. Tena, mzee hasikii kiu kama kijana, hivyo ukingoja aombe maji utamkausha. Mzee mwenye homa ya mapafu anaweza asichemke mwili. Na mwenye maradhi ya njia ya mkojo anaweza kuanza ghafla kupayuka na kutowatambua hata wanawe. Niliwahi kumwona mzee wa namna hiyo, na watu wakahimiza aitiwe mganga kwa kuwa amerogwa. Alipofikishwa zahanati na kupewa dawa, akili zake zilimrudia baada ya siku chache.

Ndugu Mhariri, jambo hili ni la kufa na kupona. Sote tunajua habari za vikongwe waliouawa katika mikoa ya kanda ya ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, kwa kushukiwa uchawi eti kwa sababu wana macho mekundu. Macho hayo ni ya mama aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Vilevile yupo bibi anayetoka nje usiku wa manane, akapotea, akakutwa uani kwa jirani hajui alikotoka. Huo ni ugonjwa wa ubongo unaowapata baadhi ya wazee. Laiti kila kijiji kingekuwa na mtu mmoja aliyefundishwa mambo ya uzee, mwenye cheo na sauti ya kusimama mkutanoni na kuyaeleza haya, baadhi ya mama zetu hao wangenusurika.

Sisemi kwamba hakuna lililofanyika. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwahesabu wazee katika watu wachache wenye haki ya kuishi kwa jasho la wenzao. Tangu mwaka 2003 taifa lina Sera ya Wazee, inayomtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Serikali ina makazi ya wazee, kama Nunge huko Kigamboni, Kolandoto, Bukumbi, Njoro na Fungafunga. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, hata ambao hawakuajiriwa kamwe. Hayo yote ni ya kujivunia. Lakini fedha haimgeuzi mgonjwa kitandani, wala kibao cha dirisha la wazee hospitalini hakimsikilizi mzee asiyesikia vizuri. Anayefanya hayo ni mtu, na mtu huyo ndiye ninayemtetea.

Wako watakaonijibu kwamba kwa mila zetu Waafrika mzee hutunzwa na wanawe, na kwamba kazi ya kulipwa ya kutunza wazee ni mambo ya Wazungu. Nawaheshimu, lakini nawauliza: hao wana wako wapi? Wako mijini wanatafuta riziki. Kijijini amebaki nyanya na mjukuu wa miaka 12, na haijulikani nani anamtunza mwenzake. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wazee wetu wanakaribia milioni 3.5. Hata familia yenye mapenzi ya kweli inahitaji mtu wa kuionyesha namna ya kumnyanyua mzee bila kumvunja mfupa. Mafunzo hayaji kuvunja mila yetu, yanakuja kuisaidia.

Kwingineko kazi hii imekwisha kupata heshima yake. Ujerumani, tangu mwaka 2020, anayetaka kuwatunza wazee kama muuguzi husoma miaka 3 pamoja na wauguzi wengine. Mwezi Septemba 2024 majirani zetu wa Kenya walitiliana saini na nchi hiyo mkataba wa kupeleka wafanyakazi wenye ujuzi. Je, kijana wetu aliyejifunza kazi hii kwa kubahatisha atapeleka cheti gani, huko au hapa nyumbani?

Kwa hiyo naomba wahusika wayafikirie mambo manne.

Kwanza, mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Watu hawa wataingia nyumba kwa nyumba. Naomba katika mafunzo yao utunzaji wa wazee upewe siku za kutosha, darasani na kwa vitendo.

Pili, makazi ya wazee yawe mahali pa kujifunzia. Wanafunzi wa uuguzi na wa ustawi wa jamii waletwe kwetu, wakae majuma kadhaa, watufundishe ya vitabuni nasi tuwafundishe ya kitandani.

Tatu, mlezi aliyefanya kazi miaka mingi apimwe ujuzi wake, apewe cheti na apandishwe ngazi. Vijana wengi nimewaona wakiingia kazi hii kwa moyo mkunjufu na kuiacha kabla ya mwaka, kwa sababu hawakuona mbele.

Nne, habari za kozi, semina na nafasi za kazi zisiishie mezani kwa wakubwa. Zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na zahanati, na zisomwe redioni. Sisi wa chini huzisikia wakati muda wa kuomba umekwisha kupita.

Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nami nawaambia ndugu zangu vijana na wakubwa wa maofisini: msiwadharau walezi wa wazee na uzee ungali mbele yenu. Mikono itakayowageuza ninyi inafaa ianze kufundishwa leo.

Mlezi wa Wazee,
Tabora.