Tusimsingizie Mungu Kuta Zetu

Kila ardhi inapotetemeka hujitokeza wakubwa wakasema kwamba ni kazi ya Mungu, na kwamba yatupasa kuvumilia. Uvumilivu ni fadhila. Ila uvumilivu unaohubiriwa ili kufunika uzembe tunaukataa.

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, mkoa wa Kagera ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Zaidi ya watu 15 walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba nyingi zikaanguka au kupasuka. Kabla ya hapo, Jumapili tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa uo huo lilitikisa Bukavu na Rusizi. Upande wa Rwanda, miongoni mwa waliokufa walikuwamo watu waliokuwa kanisani wakisali. Je, na jamaa zao tuwaambie kwamba ni kazi ya Mungu?

Wataalamu hawakuwa gizani. Bara letu linapasuka polepole, milimita chache kwa mwaka, kwa kulifuata Bonde la Ufa. Mkono wa magharibi wapita maziwa ya Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa hadi Nyasa. Wa mashariki washuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi kaskazini mwa Tanzania. Rukwa ilitikiswa mwaka 1910 kwa ukubwa upatao 7.4. Huko Toro, Uganda, mwaka 1966, walikufa zaidi ya watu 100. Kwa orodha za matukio kama hayo wataalamu huigawa nchi katika kanda, hukadiria kila kanda hutikisika mara ngapi na mtikiso hufifia vipi kadiri unavyokwenda mbali, kisha huchora ramani. Ramani ya dunia nzima iliyotolewa mwaka 1999 yaonyesha kwa rangi mtikiso wenye nafasi moja katika kumi ya kufikiwa au kupitwa ndani ya miaka 50. Miaka 50! Ndio umri wa nyumba tunayotarajia kumwachia mwana.

Ramani hiyo si unabii. Haitaji siku wala saa, na rangi hafifu si hati ya usalama: Bukoba haiko katika mstari wa maziwa tuliyoyataja, bali kando ya Ziwa Victoria, kati ya ile mikono miwili. Hata hivyo, yafaa nini ikiwa imefungiwa kabatini?

Maana imefungiwa. Ni fundi gani wa kijijini aliyewahi kuonyeshwa? Habari ziko ofisini, na anayelala chini ya ukuta wa matofali yaliyoungwa kwa udongo, bila lenta wala nondo, haambiwi neno. Wazee wa Buhaya walilala katika msonge wa miti na nyasi, vitu vinavyopinda kabla ya kuvunjika. Sisi tukawaona washamba.

Wala Kanisa lisijitoe. Ni kamati ngapi za ujenzi zimepandisha kuta ndefu kwa michango ya wajane bila kumwuliza mhandisi swali hata moja? Tunadai ramani hizo zibandikwe katika kila ofisi ya kata, kwa Kiswahili, na kibali cha shule, zahanati au kanisa kisitolewe kabla hazijasomwa. Na kamati itakapokutana, viongozi wa walei waombe kuuona mchoro, waulize kama mkanda wa lenta unazunguka kuta zote au unaishia juu ya milango, kabla ya kutia sahihi malipo ya awamu inayofuata.