Kazi ya Mikono ya Akina Mama Yataka Soko

Kwa miaka mingi akina mama wa Unguja na Pemba wamehimizwa kuunda vikundi vya ushirika, kujifunza kushona na kusuka, na kujitegemea. Wameitikia. Katika vijiji vyetu ukili husukwa barazani, kofia za viua hudariziwa kwa mkono, na vyerehani havilali. Linalobaki kuulizwa ni hili: kazi hiyo inauzwa wapi, na bei yake inapangwa na nani?

Swali hili lina uzito wa pekee leo, kwani wako wanunuzi, hapa na ng'ambo, waliochoshwa na nguo za kuvaliwa mara mbili tatu kisha zikatupwa. Akina mama wetu hawakungoja kufundishwa jambo hilo. Ukindu ukikatwa kwa hadhari, mti hubaki ukachipua tena. Na mkoba wa ukili ukichakaa, huoza ardhini. Vipande vinavyobaki kwa fundi cherehani hugeuzwa foronya na nguo za watoto. Hata gauni la mtumba kutoka Darajani, likifumuliwa na kushonwa upya, huwa vazi jingine lenye thamani zaidi.

Wako wanaodai kwamba dawa ni kupiga marufuku mitumba. Sisi hatuoni hivyo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuikomesha katika muda wa miaka mitatu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru iliyotolewa chini ya sheria ya AGOA. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda iliyoshikilia ikapoteza nafuu hiyo kwa nguo zake mwaka 2018. Aidha, mitumba huwavika wanyonge na huwapa riziki wachuuzi wengi, wanawake wakiwamo.

Funzo jingine tunalo hapa hapa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara. Hata hivyo, anayekwenda sokoni leo huona mifuko ya viwandani mingi kuliko vikapu vya ukili. Marufuku huondoa bidhaa moja. Haimtafutii msusi mnunuzi.

Na wanunuzi wapo. Mwaka 2024 visiwa vyetu vilipokea wageni zaidi ya 700,000. Lakini kofia ya kiua iliyomchukua mama wiki kadhaa, pengine miezi, huwekwa dukani karibu na kofia ya mashine iliyotoka nje, na mgeni haelezwi tofauti yake. Wahenga walisema chema chajiuza. Chema kisicho na jina lake hushindwa na cha rahisi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Serikali iwe mnunuzi wa mwanzo. Sare za skuli, mashuka ya hospitali na mikoba ya mikutano vyaweza kushonwa na vikundi vyetu. Sheria ya ununuzi ya Tanzania Bara hutenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wanawake wakiwamo. Mpango wa namna hiyo hauna budi kufika hadi shehia, zabuni zikagawanywa katika mafungu madogo, na malipo yakatolewa kwa wakati. Kikundi chenye vyerehani vitano hakiwezi kungoja fedha kwa miezi sita.

Pili, Sheria ya Mali za Viwanda ya Zanzibar ya mwaka 2008 inatoa nafasi ya kulinda jina la bidhaa kwa mahali inapotoka. Itumike kwa ukili na kofia zetu kabla jina halijachukuliwa na wengine.

Tatu, hoteli zinazojipamba kwa sura ya Zanzibar zinunue moja kwa moja kutoka vijijini, kwa bei inayohesabu siku za kazi na si uzito wa ukindu.

Nao akina mama wana wajibu wao: vipimo viwe sawa, mishono isifumuke, na kazi ikabidhiwe siku iliyoahidiwa. Mnunuzi akivunjwa moyo mara moja, ni shida kumrejesha.

Vyeti vya mafunzo vimeshatolewa vya kutosha. Tunawaomba wakuu wanaohusika sasa watoe zabuni, na ya mwanzo iwe kabla ya muhula ujao wa skuli.