Msimsingizie Mungu

Kuna neno ambalo sisi watu wa Mwanza tumelizoea misibani, nami nalikataa. Ni lile la "kazi ya Mungu haina makosa", linalotamkwa hata juu ya jeneza la mtu aliyeuawa na uzembe wa binadamu wenzake.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Walikufa mamia kwa mamia. Mimi niliyeita mahudhurio maisha yangu yote nauliza: je, Mungu ndiye aliyemkataza karani kuandika majina?

Sipigi vita sala, la hasha! Nimewaona wajane wakipiga magoti pale Igoma, walikozikwa wengi wa wale marehemu, wakainuka na nguvu ya kwenda kulea watoto. Nguvu hiyo hawakuipata kwa kuambiwa kwamba mambo yote ni sawa. Waliipata kwa kumlilia Mungu, kumwuliza kwa nini, hata kumlaumu.

Watanikumbusha uvumilivu wa Ayubu. Wasome kitabu chake mpaka mwisho. Ayubu alilalamika sura baada ya sura, na rafiki zake wakamtetea Mungu kwa maelezo matamu. Hatimaye waliokemewa na Mungu ni hao rafiki, akasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. (Wahubiri wetu wengi huishia sura ya pili.)

Sala ya kunyamazisha watu haina tumaini ndani yake, maana anayetumaini hudai kesho iliyo tofauti. Sisi tulinyamaza, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezwa kubeba watu 101, kikapinduka karibu na gati la Ukara. Waliokufa walizidi 200. Neno lilikuwa lile lile.

Basi tarehe 21 Mei ikifika tena, padre, mchungaji na shehe wakienda Igoma, wawaombee marehemu kwa machozi. Kisha wateremke wote hadi bandarini, wamwulize msimamizi mbele ya abiria: leo umehesabu?